Flumu ya nje ya kusomea viumbe wa kijito: kuijenga ni wiki mbili, kuipima ndo kazi yenyewe

Ukisoma wadudu wa mto, mwani au samaki wadogo, kuna siku mto wenyewe utakugomea. Unataka kujua maji yakipungua nusu inakuwaje, sasa mto huwezi kuuambia upungue nusu Jumatatu saa mbili asubuhi, na hata ukipungua wenyewe kiangazi basi jua nalo limekuwa kali, majani yamedondoka, ng'ombe wameshuka kunywa, vyote vimebadilika kwa pamoja na hujui kipi kimemuua nani. Hapo ndo unatafuta flumu, yaani mfereji wa kutengeneza pembeni ya mto, unapitisha maji yale yale ya mto ila bomba umelishika wewe.

Yetu tulijenga kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, mifereji sita. Nitaeleza tulivyofanya, hesabu zote na tulipochemka, maana miongozo mingi inakwambia habari ya mbao na misumari halafu sehemu ya kupima wanaimaliza kwa mistari miwili. Mtu anajenga, anafungulia maji, anatupia wadudu, baada ya miezi mitatu ndo anagundua mfereji namba 5 ulikuwa unapata maji zaidi siku zote. Data yote haina kazi.

Kwanza ongea na watu, halafu ndo uongee na mto

Tanzania maji ya mto hayachotwi kienyeji kwa wingi huu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inataka kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde, kwa upande wetu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na kama utayarudisha yakiwa na kitu ulichoongeza (mbolea, chumvi, dawa) uliza pia kuhusu kibali cha kutiririsha. Usiseme "si narudisha yote". Kweli unarudisha, ila kile kipande cha mto kati ya unapochota na unaporudishia kinabaki na maji pungufu, na hapo katikati kuna mama anafua.

Na zaidi ya karatasi kuna wenye mifongo, ile mifereji ya asili ya kupeleka maji mashambani. Wachaga wamekuwa wakihamisha maji ya mlima kwa mifongo kwa vizazi na vizazi, kila mfongo una wenyewe na una zamu. Sisi kibali tulikuwa nacho, tukafungulia, siku ya nne jioni maji yakakata ghafla, tukahangaika na bomba saa nzima tukidhani limeziba, kumbe juu yetu mzee mmoja ameelekeza maji kwenye kihamba chake (shamba la nyumbani) na ilikuwa zamu yake halali kabisa, sisi ndo hatukuwa tumeuliza ratiba. Kaa na wazee, uliza zamu, andika. Na ukiwa na bahati watakuonyesha mahali pazuri pa kuchotea kuliko ulipopachagua wewe kwa ramani, maana mteremko wa maji wanausoma kwa macho.

Amua unataka mifereji mingapi kabla ya kuamua urefu

Kila mtu anaanza na urefu. Kosa. Kule Lunz, Austria, wana mifereji miwili ya nje ya mita 40 yenye upana wa mita 6, ni mizuri sana kwa samaki, ila ni miwili. Otago kule New Zealand walienda njia nyingine kabisa, mfumo wao wa ExStream ni vyombo vidogo vya duara 128 vinavyopitisha maji ya mto kwa mvutano tu, hakuna samaki mkubwa anayeingia humo ila kwa wadudu na mwani unapata marudio ya kutosha, yaani vyombo vingi vinavyojitegemea vinavyofanyiwa jambo lile lile.

Ukichukua sampuli tano ndani ya mfereji mmoja hujapata marudio matano. Umepata moja, umeipima mara tano. Mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliliandika hili mwaka 1984, akaliita pseudoreplication, yaani urudufu bandia, na mpaka leo watu wanarudishiwa makala zao kwa kosa hilo hilo. Mifereji sita, mitatu ya kulinganishia na mitatu ya kubadilisha, ndo kiwango cha chini kabisa na kusema ukweli ni kidogo, ningeanza upya ningejenga minane mifupi zaidi.

Hesabu ya maji

Hapa usiruke. Mfereji wetu una upana wa sentimita 20 ndani (nitakuwa nasema senti), tunataka maji ya kina cha senti 8 yaende kwa senti 25 kwa sekunde, spidi ambayo wadudu wengi wa kokoto wanaiweza. Zidisha: 0.20 × 0.08 × 0.25 unapata 0.004, yaani lita 4 kwa sekunde. Mifereji sita lita 24. Ongeza za kumwagika (nitaeleza kwa nini lazima zimwagike), tukapanga lita 30 kwa sekunde. Hizo ni lita milioni 2.6 kwa siku!! Kwa hiyo yule anayesema "nitaweka simtanki la lita 5000 kama akiba" apige hesabu, kwa lita 24 kwa sekunde hilo tenki linaisha ndani ya dakika tatu na nusu. Akiba yako ni mto. Na kama mto wako kiangazi una lita 60 tu basi wewe unachukua nusu yake, punguza mifereji au hamia mto mwingine.

Bomba la kuleta maji: usibane hela hapa. Kwa lita 30, bomba la PVC la inchi 6 linakula kama mita 1.5 ya mwinuko kwa kila mita 100 za urefu, la inchi 4 linakula zaidi ya mita 11. Sisi tuna mita 80 za bomba na mwinuko wa mita 3 tu kutoka chanzo, la inchi 4 lisingefika kabisa.

Mteremko wa mfereji wenyewe tunatumia kanuni ya Manning, spidi ni sawa na moja gawanya kwa n, mara R kwa kipeo cha theluthi mbili, mara mzizi wa mteremko. Hiyo n ni namba ya ukwaruzo wa sakafu, ikiwa kubwa maji yanakwama zaidi. R ni eneo la maji ugawanye kwa sehemu inayogusa chini na pembeni, kwetu 0.016 kwa 0.36, unapata 0.044. Ukiweka n ya changarawe ya kawaida 0.03 inakuja milimita 3.6 kwa kila mita, yaani kama senti 2 kwa mfereji wa mita 6. Ila sasa kokoto zako zina senti 4 na maji yana kina cha senti 8, hapo n inapanda, weka 0.045 na mteremko unafika milimita 8 kwa mita, karibu senti 5 kwa mfereji mzima. Tofauti ni zaidi ya mara mbili na hakuna kitabu kitakachokwambia n ya kokoto zako wewe. Kwa hiyo usijenge mteremko wa kudumu. Jenga miguu inayopanda na kushuka (sisi tulitumia boriti na kabari za mbao ngumu), utaurekebisha maji yakiwa yanapita.

Kujenga

Sehemu hii fundi seremala mzuri anaijua kuliko mimi. Plaiwudi ya milimita 18, kuta za senti 25 (kokoto senti 5, maji senti 8, nafasi ya juu inayobaki), fremu ya mbao mbili kwa nne, ndani tandika nailoni nzito ile ya mabwawa ya samaki ikiwa kipande kimoja bila kiungo. Silikoni ikikauka acha maji yapite juu yake siku kadhaa kabla ya kiumbe yeyote kuingia, ile inayonuka kama siki hasa.

Piga hesabu ya uzito. Mfereji mmoja una karibu kilo 100 za maji na kilo 100 za kokoto, sita ni tani moja na ushee bila mbao. Sisi tulisimamisha miguu kwenye udongo mwekundu uliolowa, wiki ya kwanza upande mmoja ukazama nusu senti na ule mteremko tuliokesha tukiupima ukawa umeharibika. Kila mguu uweke juu ya bamba la zege. Na usijenge chini ya alama ya mafuriko, angalia kwenye matawi ya miti ya ukingoni, utaona takataka za masika zimenasa, flumu yako iwe juu ya hapo.

Kilichotusumbua kuliko vyote ni kugawa maji. Mwanzoni tulifanya kama fundi bomba wa nyumba, bomba kubwa, tii sita, kila tii na koki yake. Ukifungua koki ya 2 kidogo, ya 4 inapungua, ukirekebisha ya 4, ya 1 inapanda, tulizunguka hivyo siku mbili mpaka tukagombana. Dawa yake ni sanduku la kugawia: boksi pana la mbao lenye nailoni, maji yanaingia upande wa nyuma nyuma ya ubao wa kuyatuliza, mbele kuna matundu sita yaliyolingana, yote kwenye usawa mmoja, na maji yanakaa senti 30 juu ya katikati ya matundu. Tundu la milimita 60 kwa kina hicho linatoa kama lita 4.2 kwa sekunde, na kila tundu halijali jirani yake anafanya nini, mradi kina cha kwenye sanduku hakibadiliki.

Na kina hakibadiliki kwa sababu ya ukingo wa kumwagia. Yale maji ya ziada yanapita juu ya ukingo wa pembeni na kurudi mtoni muda wote. Ukingo uwe mrefu, wetu ni mita 2, maana ukifunga matundu kadhaa lita 12 zikahamia kwenye ukingo wa mita moja, maji yatapanda juu yake senti 3 na nusu, kwenye wa mita mbili ni senti 2 na kidogo. Uzuri wa tundu ni kwamba linasamehe, kina kikishuka kutoka senti 30 hadi 28 mtiririko unapungua asilimia 3 tu.

Kupunguza maji kwa ajili ya jaribio tunatumia visahani vya plastiki vya kubadilisha, cha milimita 60 ni maji kamili, cha 42 ni nusu, cha 30 ni robo. Hakuna koki, hakuna mtu wa kugusa kitu usiku akaharibu.

Mwanzoni mwa mfereji weka mapande ya bomba la nusu inchi, urefu senti 15, yamepangwa kama sega la nyuki, yananyoosha maji yaliyotoka tunduni yakiwa na hasira. Hata hivyo ile mita ya kwanza na nusu mita ya mwisho usichukue sampuli, hiyo ni sehemu ya fundi, ya mtafiti ni mita nne na nusu za katikati.

Chujio la kwenye chanzo

Swali ni dogo ila linaamua utafiti wako. Wavu mwembamba unazuia wadudu wanaosafiri na maji, na hao ndo wanaokuja kuishi kwenye mifereji yako bure. Wavu mpana unaingiza samaki na kaa. Tumeishia kwenye tundu za milimita 5, na tunasafisha majani asubuhi na jioni, mvua ikinyesha hata saa sita usiku mtu anaamka. Kaa wa mto wadogo wanapita tu, wanakua humo humo na kula wadudu wako, kagua kwa tochi kila wiki, uwatoe na uandike umetoa wangapi mfereji gani.

Kupima bila kiumbe ndani

Hapa ndo tulie. Weka kokoto za mto ule ule, ukubwa mchanganyiko, kila mfereji upate ndoo sawa za kila saizi, ila zianike juani wiki mbili kwanza ili uanze na mawe yasiyo na mtu. Halafu:

Kiasi cha maji. Watu wanatumia ndoo ya lita 20, kwa lita 4 kwa sekunde inajaa sekunde tano, kidole chako kwenye saa kikichelewa nusu sekunde tayari umekosea asilimia 10. Chimba shimo mwishoni, weka pipa la lita 200, linajaa sekunde 50, kosa lile lile sasa ni asilimia 1. Rudia mara tano kila mfereji. Kama huwezi pipa, kata bati la V la nyuzi 90 uliweke mwishoni, lita 4 zinapita kwa kina cha senti 9.7 juu ya ncha, ila soma kwa makini, milimita moja tu ya kosa ni asilimia 2.6. Sisi hatuendelei mpaka mifereji yote iko ndani ya asilimia 5 ya wastani, na tunarudia asubuhi, mchana na usiku kwa siku tatu.

Spidi. Kipimo cha propela ndogo ukiwa nacho, pima kwenye asilimia 60 ya kina kutoka juu, halafu senti 1 au 2 juu ya kokoto maana mdudu anaishi hapo, sehemu tano za urefu na tatu za upana. Huna propela, tumia tone la rangi ya chakula na video ya simu. Kitu kinachoelea juu kinakudanganya, juu maji yanakimbia kuliko chini, kwenye mto watu wanazidisha kwa 0.85 ila kwako tafuta namba yako mwenyewe, maana kiasi cha maji na eneo tayari unavijua.

Sehemu zilizolala. Yeyusha gramu 10 za chumvi ya jikoni kwenye lita moja, mwaga mara moja juu ya mfereji, mwishoni weka kipimo cha maji yanavyopitisha umeme (chumvi ikipita namba inapanda) kinachoandika kila sekunde. Mita 6 kwa senti 25 ni sekunde 24, kilele kikija karibu na hapo vizuri. Angalia mkia, kama namba zinachelewa kurudi chini kwenye mfereji mmoja kuliko mingine, kuna kona maji yamelala, mara nyingi ni nailoni iliyojikunja chini ya kokoto. Mfereji wa 3 wetu ulikuwa hivyo, tukatoa kokoto zote tukaanza upya, inauma lakini fanya.

Joto. Hili lilinishangaza. Mfereji ukiwa na lita 4, jua la saa sita hata likiwa kali linaongeza chini ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi, maji yanapita haraka mno. Ila ukishusha hadi lita 0.2 kwa jaribio la ukame, jua lile lile linaongeza nyuzi 1 na zaidi kwenye mita hizo sita. Sasa wadudu wakiondoka, wameondoka kwa sababu ya maji kidogo au joto? Amua mapema, funika yote kwa neti ya kivuli ya aina moja, na kila mfereji uwe na kipimajoto juu na chini. Kivuli cha miti pia kipime, migrivea upande wa mashariki ilikuwa inafunika mifereji yetu miwili mpaka saa nne asubuhi.

Kupima na viumbe, ila bila kubadilisha chochote

Acha maji yapite wiki tatu mpaka nne. Utaona utelezi unaanza kwenye mawe, weka na vigae visivyong'arishwa ili baadaye ukwangue eneo linalojulikana. Lava wa usubi watawahi kuliko wote, wanajibandika pale maji yanapokimbia, halafu Baetidae (watoto wa mayfly), halafu wale wasuka nyavu wa Hydropsychidae (watoto wa caddisfly). Wasiofika wenyewe waongeze kwa kuchukua mtoni kwa fremu ya senti 30 kwa 30, changanya kwenye beseni moja, gawa sawa kwa kikombe, mfereji kwa mfereji kwa kura.

Kisha funga wavu wa maikroni 250 mwishoni mwa kila mfereji na uhesabu wanaotoka kwa saa 24. Lazima usiku uwemo, wadudu wengi wanajiachia na maji giza likiingia tu, ukipima mchana peke yake utadhani flumu yako imetulia. Wiki za mwanzo watatoka wengi kwa sababu hawajakubali makazi, subiri namba zitulie. Wanaoingia nao wahesabu kwenye sanduku, wavu wa aina hiyo hiyo.

Mwisho, wiki mbili mifereji yote sita ifanyiwe vile vile kabisa na uchukue data kama vile jaribio limeanza. Ukiona mmoja umejitenga na wenzake bila sababu, tafuta sababu. Tukimaliza hapo ndo tunapiga kura nani anapunguziwa maji, na kura tunaipiga kwa jozi, mfereji wa kivulini na wa kivulini mwenzie, wa juani na wa juani. Na namba za mifereji ziandikwe kwa rangi ya mafuta, sisi tulitumia kalamu ya maki, jua likaifuta ndani ya mwezi, na kwenye daftari kuna siku mbili mpaka leo hatujui 2 ilikuwa 2 au 5.